Utando wa chakula kwa darasa la tano

Mwalimu uliyeomba zoezi la wanyamapori lisilo na gharama, fanya utando wa chakula, yaani mtandao unaoonyesha nani anamla nani. Kata kadi 20 za maboksi: jua, nyasi, mgunga, mchwa, swala, tembo, simba, fisi, tumbusi na wengineo. Kamba ya katani mita 60 hivi inatosha; uzi mwembamba hujisokota. Wanafunzi, kila mmoja na kadi yake, wasimame duara uwanjani, kamba itoke kwa anayeliwa kwenda kwa mlaji, ikiwa imekazwa. Kisha tangaza kwamba mzoga umetiwa sumu, jambo linalotokea kandokando ya Hifadhi ya Taifa ya Ruaha, Tanzania: simba, fisi na tumbusi waachie kamba. Anayehisi kamba imelegea achuchumae. Walimu wengi huanza kupitisha kamba kwa simba, watoto wakadhani ndiye chanzo cha nishati. Anza na jua. Darasa la 70? Gawa makundi, la sivyo wa pembeni watacheza tu.