Ngiri ni ile ile, mbona yule karudi kwao na baba yetu mnamlaza?

Nipo thieta upande wa nusu kaputi, na ndugu wa wagonjwa hilo swali wananiuliza sana. Jamani operesheni inaweza kuwa ile ile ila usiku unaofuata haufanani, na sisi tunachokadiria ni huo usiku.

Cha kwanza nauliza usingizi, tena simuulizi mgonjwa peke yake, namuuliza na mkewe maana anayekoroma hajisikii. Anakoroma mpaka chumba cha pili wanasikia? Kuna muda pumzi inakata halafu anashtuka? Mchana anasinzia hata kwenye daladala? Kuna dodoso linaitwa STOP-Bang lina maswali 8, linaangalia na presha, unene, umri kuzidi miaka 50, shingo nene na kama ni mwanaume, sasa majibu ya "ndiyo" yakifika 5 hatari ya pumzi kukata usingizini ni kubwa, maana mtu huyo ukimpa dawa kali za maumivu za jamii ya mofini halafu akaenda kulala kwake, pumzi inaweza kukata na hakuna wa kumwamsha. Kama atahitaji dawa hizo mi nasema alazwe.

Presha na kisukari peke yake sio kizuizi, watu wanaogopa bure, anayemeza dawa zake kila siku na vipimo vimetulia anarudi kwake vizuri tu. Ila anayekuja asubuhi ya operesheni na presha 200 kwa 120, hapana. Wenye sikoseli wanataka maji, joto na oksijeni viangaliwe kwa karibu, kwa hiyo mara nyingi naomba kitanda. Na kichanga aliyezaliwa njiti, hata kama anacheka na kunyonya vizuri, akiwa bado mdogo sana pumzi inaweza kusimama masaa kadhaa baada ya nusu kaputi, kwa hiyo mama tafadhali sema alizaliwa na wiki ngapi, wengi hawasemi mpaka waulizwe.

Alafu nyumbani sasa. Nani atakaa na wewe masaa 24 ya mwanzo, mtu mzima, sio mdogo wako wa darasa la tano? Damu ikitoka saa nane usiku usafiri upo? Kijana mzima kabisa anayeishi peke yake mi namlaza, na mzee wa kisukari kilichotulia anayekaa na mwanae namruhusu.

Mkija kliniki kabla ya operesheni bebeni dawa zote mpaka za mitishamba, na mje na mtu mnayelala nae nyumba moja.