Kila Neno na Mwenzake: Msamiati wa Kiingereza kwa Wazungumzaji wa Kibengali

SWALI: Mheshimiwa Mhariri, ninawafundisha Kiingereza kwa njia ya mtandao vijana watano wa Dhaka, ambao lugha yao ya kwanza ni Kibengali. Kila siku wanakariri maneno 30 pamoja na maana zake za Kibengali, na nikiwajaribu hawakosei. Wakianza kuzungumza, hata hivyo, wanakwama, na juzi mmoja wao aliniambia kwa Kiingereza kwamba amekula maji. Nifanyeje ili msamiati wao ukue kwelikweli?

JIBU: Mwalimu, nianze na hayo maji, kwa kuwa kosa la kijana huyo ndilo linalotuonyesha njia. Katika Kibengali cha kila siku kitenzi "khaoa", yaani kula, hutumika kwa chakula, kwa maji, kwa dawa na hata kwa sigara. Mwanafunzi wako hakusahau chochote: alikariri kwamba "eat" ni "khaoa", kisha akalipeleka "eat" kila mahali ambako "khaoa" huenda. Orodha ilimpa maana ya neno bila kumjulisha maneno linaloandamana nayo. Sisi tunaokunywa dawa, ilhali Mwingereza huichukua tu, tunaujua mtego huo vizuri. Kwa hiyo asiandike "drink" peke yake daftarini, bali aandike "drink water", "take medicine" na "smoke a cigarette", na chini ya kila kifungu atunge sentensi ya kweli inayohusu siku yake.

Wabengali wana neno lao la jambo lililokaririwa hadi likakaa mdomoni, nalo ni "mukhostho", na wanafunzi wengi huingia katika mitihani wakitegemea hilo. Siidharau kumbukumbu hiyo hata kidogo, kwani ni nguvu ambayo walimu wengi wangetamani wanafunzi wao wawe nayo, lakini maneno 30 kwa siku ni mzigo mkubwa mno. Yapunguze yawe manane au kumi, uyarudie kesho yake, kisha baada ya siku tatu, kisha baada ya wiki, na kila mara mwanafunzi aone Kibengali na atoe Kiingereza, wala si kinyume chake.

Ushauri huu una mizizi Dhaka kwenyewe. Michael West, Mwingereza aliyeongoza chuo cha walimu mjini humo zama za ukoloni, aliona kwamba vitabu vya kusomea vya watoto wa Bengal vilijaa maneno mapya na adimu kupita kiasi, akatunga vingine vyenye maneno mapya machache yanayorudiwa mara nyingi. Orodha yake ya maneno ya msingi yapatayo 2,000, iliyotoka mwaka 1953, bado inafaa, na ningependa vijana wako wayamiliki hayo kabla ya kukimbilia maneno mazito ya mitihani.

Usisahau pia akiba waliyo nayo tayari. Mbengali asiyejua Kiingereza husema "tebil", "cheyar", "gelash", "daktar" na "hashpatal", na akitaka kupiga simu husema "phon kora". Waambie waandike maneno ya namna hiyo kwa nusu saa, nawe uyapitie pamoja nao kwa makini, kwa sababu mengine yamebadilika njiani. "Karent" kwao ni umeme wa nyumbani na "tenshon" ni wasiwasi wowote, maana ambazo msikilizaji wa Uingereza huenda asizitambue mara moja. Matamshi nayo yanahitaji kunyooshwa, kwa kuwa "z" mara nyingi hugeuka "j", na "ship" na "sheep" husikika sawa, maana Kibengali hakitofautishi maneno kwa urefu wa irabu.

Kuhusu viungo vya mwili, mchoro mmoja unatosha: "hat" ni mkono mzima, "pa" ni mguu mzima, na "angul" ni kidole cha mkononi au cha mguuni, kama ilivyo kwetu, ilhali Kiingereza kina jina tofauti kwa kila sehemu.

Katika kipindi kijacho mwombe kijana yule akusimulie siku yake tangu alipoamka, alichokula, alichokunywa na dawa aliyotumia kama aliugua. Usimkatize anapokosea, andika kila kifungu kilichompotea, kisha mpe hivyo, na hivyo tu, viwe maneno yake ya wiki.