Space Mono Italic kwenye gari za safari: weka hapa, pale usiweke

Mkuu, umeuliza kama Space Mono Italic, ile fonti ya herufi zilizolala, inafaa kwa stika za milangoni na vipeperushi vya kampuni yako mpya ya safari. Nakata stika na kuchapa mabango hapa Arusha, nakujibu kwa yanayopita mikononi mwangu.

Kwa jina la kampuni na maneno mafupi, weka bila wasiwasi. Ilitoka 2016, wakaichora Colophon Foundry, studio ya kuchora fonti, kwa ajili ya Google, na walikusudia vichwa vya habari, siyo aya. Sura yake imeazima kwa Microgramma na Eurostile, herufi ambazo filamu za anga za mbali zilizipenda sana. Ni ya bure, hata kwa biashara.

Utamu wake kwa fundi ni kwamba kila herufi ina chumba chenye upana uleule, zaidi kidogo ya asilimia 60 ya ukubwa wa fonti. Ukichagua ukubwa wa sm 10, NGORONGORO yenye herufi 10 itakula kama sm 61, na SERENGETI kama sm 55. Unapima mlango kwa futi kamba, unajua kabla hujawasha mashine. Bei nazo zikipangwa kwenye orodha, tarakimu zinasimama mstari mmoja juu ya mwenzake bila kuhangaika.

Shida ni Kiswahili chetu. Herufi "m" na "w" zinabanwa kwenye chumba kimoja na "i", na sisi tunazo kila mahali. Andika "mwamba wa Mawenzi" kwa herufi ndogo, uone zilivyosongamana. Halafu ng'ombe: ile alama ya juu inachukua chumba kizima peke yake, neno linaonekana limepasuka katikati. Kwenye menyu ya kambi ni kero tupu. Maelezo ya ratiba yaandike kwa fonti ya kawaida iliyosimama wima, hii ibaki kwenye vichwa, bei, namba za simu na "Siku ya 1, Siku ya 2".

Sasa mlalo wenyewe, ambao wateja wengi hawaufikirii. Italiki inalalia kulia. Upande wa dereva, kulia ndiko mbele ya gari, kwa hiyo jina linaonekana linakimbia na gari. Upande wa abiria, kulia ni nyuma: gari linakwenda Karatu, jina linavutwa kurudi mjini! Wengine hawajali, mimi linanisumbua kila nikisimama nyuma ya gari la namna hiyo kwenye foleni ya soko la Kilombero na kuliona likikata kona. Upande huo weka ile iliyosimama, familia ni moja na upana ni uleule, vipimo havibadiliki.

Na uchukue ile nene (Bold). Vijistari vyembamba vikikatwa kwenye stika ndogo vinaanza kubanduka vumbi na maji ya kuoshea vikizidi.