Mdogo wako hajachelewa, dada

Umeuliza kama mdogo wako wa kidato cha tatu hapo Nyamagana kachelewa kwa sababu kashika mpira wa kikapu mwaka jana tu. Hasheem Thabeet naye alianza kikapu Dar akiwa na miaka kama 15! Akamalizia sekondari Houston, akacheza miaka 3 Chuo Kikuu cha Connecticut, na 2009 timu ya Memphis Grizzlies wakamchukua, chaguo la 2 kwenye drafti (zamu ya timu kuchagua wachezaji wapya) ya NBA, ligi kuu ya kikapu Marekani.

Ila nimemwona dogo juzi jioni uwanjani. Anaruka vizuri mno, lakini anatua magoti yamenyooka kama mti. Hapo ataumia. Mwalimu wake amfundishe kutua kwanza, madoido baadaye. Na vitabu asiviache: vyuo vya Marekani vinaangalia matokeo kabla ya udhamini.