Mafuta ya parachichi na makovu ya chunusi
Mdogo wangu uliyeuliza kutoka Tukuyu kama mafuta ya parachichi ya huko Rungwe yataondoa makovu ya chunusi usoni, jibu linategemea makovu yako ni ya namna gani. Yakiwa ni madoa meusi yaliyo sawa na ngozi, hufifia yenyewe kwa miezi kadhaa, na mafuta husaidia kulainisha ngozi tu. Yakiwa ni mashimo, hakuna mafuta ya mmea yatakayoyajaza, kwa sababu kilichopotea ni kolajeni, yaani protini inayoishikilia ngozi kwa ndani, na hapo anayefaa kuonwa ni daktari wa ngozi.

Kinachonitia hofu ni kupaka mafuta mazito, hasa ya nazi, wakati chunusi bado zinatoka, kwani huweza kuziba vitundu vya ngozi na kuzaa chunusi nyingine, yaani makovu mapya. Mafuta ya alizeti ni mepesi zaidi, lakini hata hayo yajaribu kwanza chini ya taya kwa siku chache. Tafadhali usiyachanganye na maji ya limao, maana limao likikutana na jua huweza kuunguza ngozi.

Jua lenyewe tunalidharau kwa sababu ya baridi yetu, ilhali Mbeya iko takriban mita 1,700 juu ya usawa wa bahari, na kadiri mtu anavyopanda ndivyo mionzi inayokoleza madoa inavyozidi kuwa mikali. Kofia pana na losheni ya kukinga jua, kuanzia SPF 30 (SPF ni kipimo cha nguvu ya losheni kukinga jua), vitakufaa kuliko chupa yoyote ya mafuta.