Siku 12 Sri Lanka, na orodha ya sehemu 9

SWALI: Shikamoo Bibi. Mimi na mume wangu tumepata likizo ya siku 12 mwezi wa Agosti na tumeamua kwenda Sri Lanka. Tunapenda wanyama na majengo ya kale. Rafiki yetu ametupangia sehemu 9: Colombo, Galle, Yala, Ella, mlima wa Adam's Peak, Kandy, Sigiriya, Trincomalee na Jaffna. Mume wangu anasema kisiwa ni kidogo, zote zitaenea. Kweli zitaenea?
– Mama wa Wawili

JIBU: Marahaba, mwanangu. Hazitaenea. Kwenye ramani kisiwa ni kidogo, ila barabara za milimani ni kona tupu. Mara ya kwanza nilikwenda na orodha kama yenu, nikarudi nawakumbuka madereva kuliko mahekalu.

Anzeni na upepo. Upepo wa kusi ukivuma, Mei mpaka Septemba, mvua huiangukia pwani ya kusini-magharibi na bahari ya Galle huchafuka. Wakati huohuo Trincomalee, upande wa mashariki, ni kukavu na maji yametulia. Kaskazi ikiingia mwisho wa mwaka, mambo hugeuka. Kwa hiyo Galle futeni. Adam's Peak pia: msimu wa hija huanza Desemba na kuisha Mei, nje ya hapo mtapanda wenyewe gizani huku mnanyeshewa. Jaffna ni mbali. Yala na Ella ziwekeeni safari nyingine, najua inauma.

Zimebaki Kandy, Sigiriya na Trincomalee, na Colombo ya kushukia tu. Kandy ndiko liliko Hekalu la Jino la Buddha, na maandamano yake ya usiku, Esala Perahera, hufanyika Julai au Agosti kwa kufuata mwandamo wa mwezi. Tazameni tarehe za mwaka wenu kabla ya kukata tiketi ya ndege, na chumba mkiweke miezi kadhaa mapema. Ngoma na mienge vitawakosesha usingizi kwa raha. Mimi tembo waliovishwa taa walinivutia mpaka nilipoona mnyororo mguuni. Baada ya hapo macho yangu hayakuondoka kwenye mnyororo. Mtaamua wenyewe. Kuwapanda ndiyo nawakataza.

Tembo walio huru wafuateni hifadhi ya Minneriya, karibu na Sigiriya. Pale kuna ziwa lililotengenezwa kwa amri ya mfalme Mahasena katika karne ya 3. Kiangazi maji yanapopungua, majani mabichi huota kwenye matope, na tembo hukusanyika kwa mamia, hasa Agosti na Septemba. Nendeni alasiri. Nilimwona mtoto wa tembo akikanyaga mkonga wake mwenyewe, nikacheka mpaka dereva akaninyamazisha.

Mwamba wa Sigiriya upandeni alfajiri, geti likifunguliwa tu. Una ngazi zaidi ya 1,000, na juu kuna mabaki ya kasri la mfalme Kashyapa wa karne ya 5. Michoro ya wanawake ukutani hairuhusiwi kupigwa picha. Mkikuta kibao cha kuwataka mnyamaze, nyamazeni: kuna nyigu. Siku ya pili nendeni mji wa kale wa Polonnaruwa mkamwone Buddha aliyelala, amechongwa kwenye jabali, urefu wake kama mita 14. Kisha mpumzike Trincomalee siku zilizobaki.

Kibali cha kuingia ombeni mtandaoni kabla ya safari. Kama mnatoka nchi yenye homa ya manjano, cheti cha chanjo kikae mkoba wa mkononi. Mume wako ajue pia kwamba kila siku ya mwezi mpevu, wanaiita Poya, ni sikukuu na pombe haiuzwi.

Hekaluni funikeni mabega na magoti. Msiipe sanamu ya Buddha mgongo kwa ajili ya picha. Nilifanya hivyo kwenye hekalu moja, mlinzi akanipigia makofi kama anafukuza kuku. Hadi leo nikikumbuka naona haya. Viatu huvuliwa mlangoni, na saa sita mchana yale mawe ya uani huchoma kama kikaango. Chukueni soksi, pea mbili kila mtu.