Ulimwita mwenzako mpumbavu?

Tororo, Jumapili jioni

Mwanangu,

Ujumbe wako nimeusoma mara mbili. Ulimwambia mwenzako wa kazini huko Arusha "acha upumbavu wewe", kwa utani, na leo siku ya tatu anakupita kama hakuoni. Unaniuliza: kwani si sawa tu na ujinga?

Si sawa hata kidogo. Mjinga ni asiyejua. Akifunzwa, ujinga humtoka; ndiyo maana tunasema kuuliza si ujinga. Huko huko Tanzania, baada ya uhuru wa 1961, Nyerere aliwatajia watu maadui watatu: ujinga, umaskini na maradhi. Watu wazima wakaenda darasani kufuta ujinga wao na hakuna aliyeona katukanwa. Sasa weka upumbavu mahali pale uone. Neno hilo linatokana na kupumbaa, kama upotevu unavyotokana na kupotea. Mpumbavu akili anayo, ila imelala, na ukimwita hivyo ni kama umemwambia hakuna mwalimu wa kumwamsha.

Najua ulikoteleza. Kwa Kiganda unamwambia rafiki yako "musiru ggwe", yaani mpumbavu wewe, na mnacheka wote. Neno ulilivusha mpaka, kicheko kikabaki huku. Halafu wengi wetu hapa Uganda Kiswahili tulikisikia kwanza kwa askari. Enzi za Amin, kwenye vizuizi vya barabarani, "pumbavu!" ndiyo ilikuwa salamu. Babu yako, aliyeletwa hapa na kazi ya reli kutoka Mombasa, aliambiwa hivyo na kijana wa kumzaa, tena akaamriwa akae kwenye matope. Akakaa. Aliporudi nyumbani matope hakuyataja. Kilichomuuma ni kuona lugha ya mama yake imefanywa fimbo. Mwaka 1979 walipoingia wakombozi, askari mmoja wa Tanzania alisimama uani kwetu akasema, "Shikamoo mzee, naomba maji." Babu akaniita nije nisikie. Nilikuwa na miaka 14, na sikuwa nimewahi kumsikia askari akisema naomba.

Na hilo la ujinga nalo usilirushe ovyo. Shangazi yako akienda pwani, akiulizwa kwao wapi, husema "mji wa Jinja", polepole, maana siku moja alijibu mbio mbio, Jinja ikasikika kama jinga, na duka zima likacheka.

Mpigie simu, usimwandikie. Habari za Kiganda usianze nazo, atadhani unajitetea. Kama amekuzidi umri, shikamoo kwanza, kisha: "Nisamehe kaka, neno lile silo nililolitaka." Akikuuliza ulitaka lipi, sema ulitaka kumwambia aache mzaha. Akicheka, hapo ndipo umfundishe musiru.

Mama yako